Usiku Mmoja Kutoka Nairobi: SGR ya Saa Nne Usiku, Basi, au Treni ya Vitanda?

Mjomba wangu, aliyefanya kazi Changamwe tangu ujana wake hadi akastaafu, hajawahi kukubali kwamba SGR, treni mpya ya Mombasa inayotoka Syokimau nje ya Nairobi, ni treni ya usiku. Tulipomkatia tiketi kwa mara ya kwanza aliitazama, akaigeuza nyuma, akauliza: "Na kitanda changu ni namba gani?" Tukamwambia, mjomba, hakuna vitanda, ni viti. Akairudisha mezani. "Basi hilo ni basi lililopanda reli."

Swali lake ndilo ninaloulizwa na karibu kila mtu wa Nairobi anayepanga safari ya usiku: nikilala safarini niamke nimefika, nipande nini? Wengine wameshafika mbali, wana pesa mkononi na simu imefunguliwa kwenye *639# ya kukatia tiketi ya SGR, lakini kidole hakibonyezi. Nimezipanda njia zote tatu nitakazozitaja, baadhi yake mara nyingi kuliko nilivyopenda, kwa hiyo nitaziweka bega kwa bega.

Mwanzo nieleze kitanda kilikokwenda. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, ilikuwa na treni iliyoondoka Nairobi saa moja jioni na kufika Mombasa asubuhi, ikijaliwa. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya watu wawili, la pili vya watu wanne. Kengele ililia, ukaenda kula kwenye behewa la chakula, ukirudi unakuta wahudumu wameshatandika. Treni hiyo ilikoma mwaka 2017, SGR ilipoingia. SGR ya usiku hutumia saa tano na nusu hivi. Kitanda kilikaa pale kwa sababu treni ilikuwa ya pole. Ukishapunguza safari hadi saa tano, hakuna shirika litakaloondoa viti mia moja na zaidi ndani ya behewa ili watu wachache wajinyooshe.

Njia tatu, na vigezo

Ya kwanza ni SGR ya usiku, inayotoka Syokimau saa nne na kufika Miritini, Mombasa, mnamo saa tisa na nusu. Ni kama kilomita 470.

Ya pili ni basi la usiku. Mengi huondoka kati ya saa mbili na saa nne usiku kutoka katikati ya jiji, upande wa River Road na vichochoro vyake, na kushusha Mwembe Tayari, Mombasa mjini, baada ya saa nane hadi kumi.

Ya tatu ni TAZARA, treni ya vitanda kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya au, ukiendelea, New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Reli nzima ni kilomita 1,860. Najua si safari moja na zile mbili, na kutoka Nairobi lazima uanze kwa basi la kupitia Namanga, mpakani mwa Tanzania. Nimeiweka kwa sababu anayesema anataka kulala kwenye treni, kulala kwa maana ya kulala, anastahili kujua kwamba kitanda bado kipo, ila kimehamia kwa jirani. Reli ya kati ya zamani ya Tanzania, ile ya Kigoma na Mwanza, nayo ina mabehewa ya kulala. SGR mpya ya Tanzania, ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, ina viti tu, na kwa mwendo wa chini ya saa nne hakuna anayekumbuka mto.

Nitapima usingizi, saa ya kufika, pesa hadi mlangoni, mizigo, usalama, na kinachoonekana dirishani. Vigezo hivi havina uzito sawa. Wengi huanza na usingizi. Mimi siku hizi huanza na saa ya kufika, na nitasema kwa nini.

Usingizi

Kwenye SGR daraja la kawaida, viti vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, vikitazamana, na kimeza katikati. Mgongo wa kiti umesimama wima, haulali nyuma. Maana yake ni kwamba magoti yako yatafahamiana na magoti ya mtu usiyemjua kutoka Syokimau hadi Miritini. Taa hubaki zinawaka. Ukipata dirisha unaegemea ukuta, ukipata kiti cha kati cha vile vitatu huna pa kuegemea ila bega la jirani. Daraja la kwanza ni viwili kwa viwili, vipana, na mgongo unalala kiasi. Kwa safari ya mchana sioni haja kubwa ya kulipa tofauti ile, ila kwa usiku naiona.

Fanya hesabu pia. Treni inaondoka saa nne, watu wanatulia karibu saa tano, na nusu saa kabla ya kufika mifuko imeshaanza kushushwa. Ukibahatika una saa nne za kusinzia. Beba leso au sweta, kwa sababu kiyoyozi hakijui kwamba unaenda pwani.

Basi lina sifa moja ambayo treni ya daraja la kawaida haina: kiti kinalala. Kwenye mabasi ya viti viwili kwa kimoja, mtu mwenye kiti cha peke yake anaweza kulala vizuri kuliko abiria wa SGR aliye kati ya watu wawili. Kinachouvunja usingizi huo ni barabara: malori, matuta, breki za ghafla, halafu kituo cha Mtito Andei ambapo taa zote zinawashwa na utingo anatangaza dakika ishirini. Na basi likiharibika, usingizi umekwisha. Niliwahi kukaa kando ya barabara baada ya Voi tangu saa nane usiku hadi kuche, na basi la kampuni ambayo sitaitaja, dereva akiwa chini ya gari na tochi ya simu mdomoni. Tulilala wote siku ile, ila juu ya mizigo yetu.

TAZARA ni jambo jingine kabisa. Daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne, la pili vitanda sita. Wanaume hulala kwao na wanawake kwao, isipokuwa mmekata chumba kizima, na hivyo ndivyo familia na marafiki wengi hufanya. Unajinyoosha. Treni inayumba kama dau, inagonga, inasimama stesheni ambako hata usiku wa manane kuna mama mwenye beseni la ndizi, kisha inaondoka tena. Usiku wa kwanza utaamka mara nne au tano. Lakini utaamka ukiwa umelala chali, na mgongo wako asubuhi utaijua tofauti. Ushauri mmoja: kitanda cha juu ni chako peke yako, cha chini mchana hugeuka benchi la chumba kizima, na mwenyewe huwezi kulala mpaka wageni wasimame.

Saa ya kufika

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi nimekosea zaidi ya mara moja.

Saa tisa na nusu usiku ni saa mbaya ya kufika popote. Hoteli nyingi hazikupi chumba mpaka mchana, kwa hiyo ama unalipa usiku ambao umeshakwisha, ama unakaa mapokezi na begi miguuni. Mwenyeji wako lazima aamke akufungulie. Miritini yenyewe iko bara, mbali na kisiwa, na kwa saa hiyo wewe si mtu wa kupatana bei. Yaani umelala saa nne za mashaka, halafu unaanza siku saa tisa. Saa ya alasiri hiyo siku utaiona kama saa sita usiku.

Lakini saa hiyo hiyo ni dhahabu kwa baadhi ya watu. Mwenye mtu wa kumpokea kwa gari analala kitandani kabla ya adhana ya alfajiri na kuamka saa tatu akiwa mzima. Anayekwenda Diani anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu, inayotoka upande huo huo wa Miritini hadi Kwale, bila kuigusa feri ya Likoni, akafika kukipambazuka. Anayeendelea Kilifi au Malindi anawahi matatu za kwanza.

Basi lililoondoka saa tatu au saa nne usiku hukufikisha Mwembe Tayari asubuhi, mji ukiamka, mahamri yako mafutani na mbaazi ziko mezani. Ndiyo maana nasema wazi kwamba basi la polepole mara nyingine hufika kwa wakati mzuri kuliko treni ya haraka. Ila lichague kwa saa. Ukipanda lile la saa moja jioni ukidhani unawahi, utashushwa usiku ule ule wa treni, na usiwe hata na paa la stesheni.

Treni ya Kisumu ilinifundisha hilo mapema. Iliporudi Desemba 2021 kwenye reli ya zamani ilipangwa kutoka Nairobi Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni na kufika asubuhi. Watu wakaicheka kwamba ni ya pole kuliko basi. Mimi sikuona cha kuchekwa: jua linachwa uko njiani, jua linachomoza uko Nyanza, na huna haja ya kumwamsha mtu.

Kwa TAZARA, usiulize saa ya kufika, uliza siku. Ratiba humweka abiria wa Mbeya kwenye gari alasiri na kumshusha mchana wa kesho yake. Kuchelewa kwa saa kadhaa ni jambo la kawaida, na kuchelewa zaidi ya hapo si habari ya kumpigia mtu simu. Usipange kikao, arusi wala basi la kuunganisha siku ile ile. Kabla ya kutoka Nairobi, piga simu stesheni uthibitishe kwamba treni ya wiki hiyo inaondoka kweli.

Pesa, hadi mlangoni

Tangu mwanzo wa 2024 SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 la kwanza. Watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Basi la kawaida huchezea karibu na hiyo 1,500, linapanda Desemba na Pasaka, na lile la viti vichache hupita hapo.

Lakini nauli si gharama yote. SGR inakudai uende Syokimau kwanza. Treni ya mjini inayotoka stesheni kuu ya Nairobi hukufikisha kwa pesa kidogo, ukiikosa ni teksi na msongamano wa Mombasa Road. Kisha kuna Miritini hadi kisiwani, usiku. Mtu mmoja mwenye teksi pande zote mbili anaweza kujikuta ametumia kwenye teksi zaidi ya nauli ya treni. Basi linaanzia mjini na kuishia mjini. Kwa anayeishi Eastleigh au Ngara na anayekwenda Majengo au Buxton, basi ndilo rahisi kwa pesa, hata likionekana sawa kwenye karatasi. Kwa anayeishi Kitengela, Mlolongo au Athi River, mambo yanageuka.

TAZARA yenyewe ni nafuu kwa umbali wake. Kinachokula pesa ni kuifikia: basi la Nairobi hadi Dar, linalokula siku nzima kupitia Namanga, Arusha, Moshi na Chalinze, na usiku mmoja au miwili Dar ukiisubiri siku ya treni. Weka pia pasipoti au hati ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Mizigo

SGR hukagua kama uwanja wa ndege. Mifuko inapangwa chini mstari, mbwa wanapita, kisha mashine. Pombe hairuhusiwi, visu pia, na jina la tiketi lazima lilingane na kitambulisho. Fika saa moja kabla. Mzigo utaubeba mwenyewe hadi behewani na kuupandisha juu ya kichwa chako, na mwenye magunia matatu ya viazi hapo hana lake.

Basi ndilo la mtu wa mizigo. Gunia, godoro, kuku kwenye tenga, vyote huenda kwenye buti kwa kupatana na utingo. TAZARA iko kati: chumba kina nafasi, na wenzako wa chumbani watakuwa wamebeba zaidi yako.

Usalama

Hapa sitazunguka. Barabara ya Mombasa, kwa sehemu kubwa, ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na usiku ni ya malori. Mwisho wa 2017, baada ya ajali mbaya ya Migaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, serikali ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku. Marufuku ikaja kuondolewa, ila sababu zake hazikuondoka na tangazo. Ukichagua basi, uliza kama kuna madereva wawili, funga mkanda, na usikae kiti cha mbele kabisa kwa ajili ya kuona njia. Kwa usalama wa mwendo, reli imelishinda basi na sina mjadala.

Kwenye TAZARA hofu ni ya vitu: funga mlango kwa ndani, na dirisha likae limefungwa treni ikiwa imesimama gizani. Simu chini ya mto.

Dirishani

SGR ya usiku inapita Tsavo yote, juu ya matuta na madaraja yaliyoachwa ili ndovu wapite chini, na hutaona chochote ila uso wako kwenye kioo. Anayetaka kuona Tsavo apande ya saa mbili asubuhi, inayosimama stesheni za njiani kama Emali, Mtito Andei na Voi. Basi, vivyo hivyo, giza na taa za malori.

TAZARA ina bahati ya ratiba. Ikitoka Dar alasiri na isipochelewa, huingia Hifadhi ya Nyerere jua likizama, na twiga huonekana kutoka kitandani. Asubuhi, kati ya Mlimba na Makambako, reli inapanda milima kwa mahandaki na madaraja yaliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya 1970 na 1975. Kwa hapo amka hata kama hukulala.

Kwa hali yako

Una mkutano Mombasa asubuhi, na kuna nyumba ya ndugu yenye kitanda: SGR ya usiku, daraja la kwanza ukiweza. Huna wa kukupokea na hoteli ni ya mchana: basi la saa nne usiku, au achana na usiku kabisa upande treni ya saa tisa alasiri, ulale Mombasa kama binadamu.

Una watoto wadogo: treni, kwa sababu ya choo na kutembea kwenye ujia. Lakini si ya usiku. Mtoto aliyeamshwa saa tisa Miritini ni adhabu kwa teksi nzima.

Unahamia au unapeleka bidhaa: basi. Wewe ni mrefu na umebaki na pesa za daraja la kawaida tu: basi lenye kiti kinacholala, magoti yako yatakushukuru. Unaogopa barabara usiku: treni, na beba shuka. Unasafiri karibu na Krismasi: chochote utakachopata, na ukikate wiki kadhaa mapema, maana SGR hujaa kabla hujamaliza kuwaza.

Una siku nne au tano, huna haraka ya kufika, na safari yenyewe ndiyo unayoitaka: TAZARA hadi Mbeya, mkiwa wanne ili chumba kiwe chenu. Ukiwa na siku mbili tu usijaribu, utazimaliza kwenye mabasi ya kuifuata.

Mjomba ameamua kwenda. Pasipoti ameshachukua, chanjo ameshachoma, na amenunua chupa ya chai ya lita mbili. Ameniuliza jambo moja tu: kitanda cha juu au cha chini? Licha ya yote niliyosema hapo juu, nimemwambia cha chini. Magoti yake si ya kupanda ngazi, na wageni wa mchana anawapenda.